Samaki wamekufa ufukweni, maji yananuka: maswali na majibu

Samaki wote hawa kufa kwa mkupuo, kuna mtu kamwaga sumu?

Inawezekana, ila mara nyingi wameishiwa hewa tu. Maji ya bahari yaliyo salama yana kama miligramu 6 hadi 8 za oksijeni kwa lita, sasa ikishuka chini ya 2 samaki wenye mbio wanahama, viumbe wasio na mbio kama chaza na minyoo ya topeni wanafia palepale. Ukiona samaki wanaelea juu alfajiri midomo wazi wanatweta, jua hali ni mbaya, maana usiku mwani nao unavuta oksijeni bila kutengeneza mpya.

Hiyo oksijeni inaenda wapi?

Inaliwa. Mbolea za mashambani na maji taka vinaleta naitrojeni na fosforasi, mwani unashamiri, unakufa, unazama, bakteria wa chini wanaumaliza na oksijeni inaisha nao. Halafu maji ya mto, kwa kuwa ni mepesi, yanatanda juu ya yale ya chumvi kama mfuniko na hewa haishuki. Ndo kinachotokea kila kiangazi Ghuba ya Mexico, kule Marekani mto Mississippi unapomwagia, na mwaka 2017 eneo lisilo na hewa ya kutosha lilifika karibu kilomita za mraba 22,700!

Mbona tope ni jeusi na linanuka mayai viza?

Fukua kidogo kwa kidole: juu utakuta ngozi nyembamba ya kahawia, chini yake weusi tititi. Oksijeni inapenya milimita chache tu, na bakteria wa chini wakiikosa hawafi, wanahamia kwenye vitu vingine vya kupumulia badala yake: naitreti, kisha chuma, kisha salfeti, aina ya chumvi ambayo baharini imejaa tele. Wakitumia salfeti wanatoa haidrojeni salfaidi, hiyo ndo harufu, na ikikutana na chuma ndo weusi wenyewe. Kwahiyo tope jeusi peke yake sio ugonjwa, lipo hata sehemu nzima kabisa. Shida ni pale weusi unapopanda mpaka juu na ile ngozi ya kahawia ikapotea.

Harufu yenyewe inadhuru?

Ikiwa kidogo, tena mahali pa upepo, itakuudhi na labda kichwa kiume. Cha kuogopa ni marundo ya mwani unaooza, juu pamekauka kama ganda, ukikanyaga linapasuka na gesi inatoka yote kwa pamoja. Mwaka 2009 Bretagne kule Ufaransa farasi alikufa hivyohivyo na aliyempanda akazimia. Na gesi hii ina ujanja mbaya, ikizidi inaua pua kwanza, unaacha kuisikia unadhani imeisha kumbe ndo imekolea. Macho yakiwasha au ukisikia kizunguzungu toka haraka, na mtu akianguka humo usimrukie kichwakichwa, ita waokoaji wenye vifaa maana wengi huanguka wawili wawili.

Si nitawaokota hao samaki niwakaange mpaka wakauke?

Hapana jamani. Hujui wamekufa saa ngapi, na samaki aliyelala juani anaweza kujaa histamini, kemikali inayodhuru anapoanza kuharibika, ambayo moto hauiondoi. Kama kuna mwani wenye sumu ndo balaa zaidi, chaza na kome wanaihifadhi mwilini wakiwa wazima wa kupendeza, hawanuki, hawana rangi ya ajabu, na kuchemsha hakusaidii. Ukila midomo na vidole vinaanza kufa ganzi, pengine ndani ya nusu saa, na ikizidi misuli ya kupumulia inagoma. Dawa ya kuua hiyo sumu haipo, hospitali wanakusaidia kupumua mpaka itoke, kwahiyo usikae nyumbani kunywa maziwa.

Tukizuia uchafu leo, mwakani maji yatakuwa yamepona?

Inategemea tope limemeza kiasi gani. Oksijeni ikiwepo, chuma cha topeni kinaishika fosforasi, ikiisha kinaiachia, inapanda juu na kulisha mwani mpya hata kama mto hauleti kitu. Bahari ya Baltiki, kaskazini mwa Ulaya, ndo iko hapo, uchafu unaoingia umepunguzwa tangu miaka ya 1980 na chini bado hakuna hewa. Ila kaskazini magharibi mwa Bahari Nyeusi, kwenye maji mafupi, mbolea ilipopungua sana miaka ya 1990 baada ya uchumi wa nchi za huko kuporomoka, eneo lisilo na hewa lilisinyaa ndani ya miaka michache, na wala hakuna aliyekuwa amepanga hivyo.