Kutyuni filimbi ya bata bukini ni kufanya nini hasa?

Shemeji yangu alikuja kututembelea hapa Minnesota akanikuta mezani nimeifumua filimbi yangu vipande vipande, akacheka, "We nawe, filimbi si unapuliza tu, sasa hapo unatengeneza nini?" Haya, swali zuri, maana hata mimi mwanzoni nilidhani kutyuni ni mambo ya gitaa.

Kwanza hii si filimbi ya refa. Ni ya kuitia bata bukini wa Kanada, wale wakubwa wenye shingo nyeusi na kidevu cheupe, huku wamejaa mpaka kero, wanavuka barabara taratibu magari yanasubiri, na kila kwenye nyasi wanaacha vinyesi. Msimu wa kuwawinda ukifika watu wanajilaza alfajiri kwenye mabua ya mahindi yaliyovunwa, wamepanga bata wa plastiki, halafu wanaita kwa pumzi zao wenyewe. Sheria ya Marekani kwa kawaida hairuhusu kuwaita kwa sauti ya kurekodi, ukiacha misimu michache maalum, na kuwavuta kwa kutumia bata hai kama chambo kulipigwa marufuku tangu 1935, kwa hiyo kafilimbi kakigoma unarudi nyumbani na baridi yako tu.

Ukiifungua ile fupi ambayo wengi wanatumia utakuta bomba la kupulizia, na kipande cha nyuma kinachochomekwa humo. Kwenye hicho kipande kuna kijibao chenye mfereji, na juu ya kijibao umelala ulimi wa plastiki mwembamba (huku wanauita ridi), umebanwa upande mmoja na kabari ndogo ya mpira. Basi, hakuna kingine. Unakumbuka utotoni unabana jani la nyasi katikati ya vidole gumba unapuliza linalia pwiii? Ulimi ni lile jani.

Sasa kutyuni ni kuamua sehemu gani ya ulimi iachwe huru itetemeke. Ukiusogeza nyuma kwenye kabari, sehemu huru inakuwa fupi, sauti inapanda na filimbi inakuwa nyepesi, inajibu haraka. Ukiuvuta mbele inakuwa ndefu, sauti inashuka, inakuwa nzito na inataka pumzi nyingi. Ni msogeo mdogo mno, kama unene wa ukucha, na tayari filimbi ni nyingine.

Kwa nini watu wanahangaika hivyo? Kwa sababu bata bukini halii kwa sauti moja tu. Anaanza chini halafu sauti inaruka juu ghafla, haaa-ONK, kama mvulana anayebalehe. Filimbi nayo ukipuliza kidogo inatoa ya chini, ukiongeza msukumo ulimi unarukia ya juu. Huo mruko ndo unaoutyuni. Ukija mapema mno unapata kelele za kifaranga, ukichelewa mishipa ya shingo itakutoka na bata wameshapita zao.

Ila nikwambie, filimbi nyingi zinazosemekana zimeharibika hazijaharibika. Mate yamekauka chini ya ulimi, au kuna punje ya mchanga, au kipande cha pumba. Pitisha noti safi ya dola au uzi wa kusafishia meno kati ya ulimi na kijibao, osha kwa maji vuguvugu, acha ikauke. Maji ya moto usithubutu, ulimi utapinda, na kuiacha kwenye dashibodi juani ni hivyohivyo. Desemba mate yanaganda kabisa humo ndani, wenyewe wanaiweka ndani ya koti karibu na kifua. Na kabla hujavuta chochote chora alama ya penseli ulimi ulipoishia, au piga picha na simu, uone pia upande gani ulikuwa juu, maana ukiugeuza unaweza kupuliza mpaka kesho.

Mkasi ndo wa mwisho kabisa. Kuna watu wanaukata ulimi kwenye ncha ili sauti ipande, na inapanda kweli, lakini kilichokatwa hakirudi. Mimi nilikata kidogo, nikaona bado, nikakata tena, nikaishia na kitu kinacholia kama bawaba kavu ya mlango. Siku hizi nanunua ulimi wa akiba kwanza ndo nashika mkasi, tena nasugua na msasa badala ya kukata.

Nilipomaliza kuifunga nikampa shemeji ajaribu. Akajaza mashavu kama anapuliza puto, ikatoka hewa tupu. "Ona sasa, umeiharibu!" Nikamwambia afanye kama anapuliza kioo cha miwani kipate ukungu ili akifute, pumzi itoke tumboni, na kiganja akifumbe kidogo pale mwishoni mwa filimbi. Mara ya tatu ikaruka, mtoto akatoka chumbani mbio kuangalia dirishani.