Ekolaiza ya parametriki ni nini, na mpiga besi aangalie nini kabla ya kununua pedali yake

Chumba tunachofanyia mazoezi ya kwaya kina kuta mbili za saruji zinazotazamana, umbali wa mita 5 na kidogo. Kila nikipiga C, freti ya tatu kwenye uzi wa A, chumba kizima kinanguruma na watu wa sauti ya nne hawajisikii. Nikisogea freti mbili hadi D, shwari. Noti hiyo ya C ina masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) ya hezi 65 hivi, na wimbi la hezi 65 lina urefu wa mita hizohizo 5 na kidogo. Linagonga ukuta, linarudi, linakutana na lenzake linalokuja, na sauti inavimba.

Ukizungusha kitufe cha besi kwenye ampu, unashusha sauti zote za chini, zenye kosa na zisizo na kosa. Ekolaiza, yaani kifaa cha kupandisha na kushusha masafa uliyochagua, ikiwa ya vitelezi inasaidia zaidi, ila kila kitelezi kimefungwa mahali pake. Pedali ya besi ya GEB-7 ya Boss, kwa mfano, ina kitelezi cha hezi 50, kinachofuata ni cha 120. C yangu iko katikati. Nikishusha cha 50, ninaiumiza G ya chini yenye hezi 49, ambayo haijamkosea mtu.

Ekolaiza ya parametriki inakuachia uamue mambo matatu: masafa yapi, uyapandishe au uyashushe kwa desibeli ngapi, na eneo utakaloligusa liwe na upana gani. Upana huo hupimwa kwa Q, yaani masafa ya katikati yakigawanywa kwa upana wa eneo. Kwenye hezi 200, Q ya 1 inagusa upana wa hezi 200. Q ya 4 inagusa 50 tu. Jina hili linahusishwa na Mmarekani George Massenburg, aliyewasilisha mada yake mbele ya Audio Engineering Society, chama cha wahandisi wa sauti, mwaka 1972. Pedali isiyokuruhusu kubadili Q ni nusu-parametriki, hata kama boksi limeandikwa vingine. Si mbaya, lakini usiilipie bei ya kamili.

Kwenye kuchagua, mimi huanza na swali moja: bendi ya chini, yaani eneo la masafa ya chini ambalo pedali inaweza kuligusa, inaanzia wapi? Uzi wa E wa besi uko hezi 41, na B ya besi ya nyuzi tano iko 31. Gitaa la kawaida linaanzia 82, kwa hiyo pedali iliyotengenezwa kwa ajili yake inaweza kuanzia 100, na hapo masafa ya msingi ya noti zako nyingi hayaguswi kabisa. Bendi tatu zinatosha: moja ya mngurumo, moja ya ule uzito wa tope kwenye 200 hadi 300, na moja karibu na 800 ili vidole visikike katikati ya kinanda na dramu.

Angalia umeme pia. Kupandisha desibeli 6 ni kuzidisha volti za sauti mara mbili, na besi yenye betri ndani tayari inatoa sauti kubwa, hivyo pedali ya volti 9 hukwaruza mapema. Inayokubali 18 ina nafasi zaidi, lakini soma maandishi yake kwanza. Isiyozikubali inaweza kuungua.

Kuisaka noti sumbufu, punguza sauti ya ampu kwanza, spika isije ikaumia. Weka Q ya 4, pandisha desibeli 10, kisha zungusha masafa taratibu huku ukiipiga noti hiyohiyo. Pale inaponguruma kupita kiasi ndipo penyewe, sasa shusha. Kwangu ilitosha kushusha desibeli 6: eneo lililoguswa lilikuwa kati ya hezi 57 na 74 hivi, na A ya uzi mtupu, yenye 55, haikupungua sana. Mkihamia ukumbi mwingine, rudisha sifuri uanze kusaka upya, kwa sababu kuta za kule zina umbali wake.