Kufufua si kuponya

Juzi nimesoma tena mtu akisimulia "Battle Lines", ile sehemu ya mwaka 1993 ya Star Trek: Deep Space Nine, tamthilia ya runinga ya Kimarekani kuhusu safari za angani, akaandika kwamba vijidudu vya kwenye ule mwezi wa angani, hadithi inapotokea, "vinawaponya" wapiganaji. Si mara ya kwanza kuliona neno hilo likitwikwa mzigo usio wake, na safari hii nimeshindwa kunyamaza.

Kuponya ni kumfanya mtu apone, na uponyaji ndiyo kazi hiyo. Maana imekwisha hapo. Tabu iko kwenye kupona.

Umbo la neno halina siri. Ile -ya ya mwisho ni kiambishi cha kale cha kusababisha, ndicho kilichotupa onya kutoka ona, levya kutoka lewa, ogofya kutoka ogopa. Lakini kupona kwenyewe kuna pande mbili. Kidonda hupona. Na aliyezamiwa na chombo akafika ufukweni, naye amepona. Ndiyo maana husemwa fulani aliponea chupuchupu hata kama hana mchubuko. Pande zote mbili zina wazo moja la kutoka, iwe ni kwenye ugonjwa au kwenye hatari. Sharti kuwe na kitu unachokiacha nyuma.

Sasa turudi kwenye ule mwezi. Ennis na Nol-Ennis, makundi mawili yenye uhasama, wametupwa huko kama adhabu ya vita vyao visivyokwisha. Vijidudu vya kutengenezwa vimo ndani ya seli zao: mtu akichomwa akafa, baada ya muda anainuka na kushika tena silaha yake. Tena aliyekufa hapo hata mara moja hawezi kuondoka, maana vijidudu havifanyi kazi nje ya mwezi huo. Hiyo ni kufufua. Nyama imeungana na moyo unadunda, ila hakuna alikotoka. Yuko palepale na chuki yake ileile. Daktari Bashir, mmoja wa wageni ambao chombo chao cha angani kilianguka hapo, anapodokeza kwamba huenda akavibadili vijidudu ili watu waweze kufa, Shel-la, kiongozi wa Ennis, haoni pumziko. Anaona silaha ya kuwamaliza wenzake. Niambie aliyepona hapo ni nani.

Wengine hujitetea kwamba kuponya, kutibu na kuganga ni yaleyale. Si yaleyale. Tiba na tabibu tumevipata kwa Waarabu, kuganga ni letu la Kibantu, na yote yanataja kazi, si matokeo. "Alitibiwa miezi 3, hakupona" ni sentensi kamili, tena ya kusikitisha. "Aliponywa, hakupona" haisimami. Waliosema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, hawakuahidi kwamba yajayo yatapona.

Na Kai Opaka je, yule kiongozi wa imani wa Wabajor, watu wa sayari nyingine katika tamthilia hiyo? Yeye pia anakufa chombo kinapoanguka, Kira, Mbajor mwenzake, anamlilia, kisha Opaka anatokea akitembea. Hapo amefufuliwa kama wengine. Uponyaji uko kwingine, pale anapozungumza na Kira, aliyewahi kupigania ukombozi wa watu wake. Kira kwanza anakana kwamba ana ukatili moyoni, halafu machozi yanamshinda. Anaogopa Manabii, wale ambao Wabajor huwaabudu, hawatamsamehe. Opaka anamwambia wanangoja tu ajisamehe mwenyewe. Pale hakuna dawa wala mtambo, na bado ndipo pekee katika sehemu nzima ninapokubali neno kupona, kwa kuwa kuna anayeanza kuacha kitu nyuma.

Kai anabaki kwenye mwezi, akisema hapo ndipo alipoitwa. Wenzake wanaondoka, na sehemu inakwisha bila kutuonyesha kama mapigano yalikoma.

Kwa hiyo, ndugu msimulizi, ukirudia hadithi yako andika kwamba vijidudu vinafufua na Opaka anaganga. Kama aliwaponya wapiganaji, hatukuonyeshwa.