Tajiri akishaondoka, timu inabaki na nini?

Vijiweni huku kwetu, iwe Ujiji au Tabora mjini, timu ikifungwa mbili tatu mfululizo dawa ni moja tu: atafutwe tajiri. Kitengoni kwetu tunafundisha mambo ya fedha na hili swali la matajiri kwenye timu tunaulizwa sana, kwahiyo ngoja nilijibu hapa. Mimi makombe siyahesabu kwanza, naangalia siku mwenye hela anapotoka timu inabaki imeshika nini mkononi.

Mfano mzuri uko ng'ambo ya ziwa, ukishavuka Kongo ukateremka kusini mpaka Lubumbashi. Moise Katumbi, tajiri na mwanasiasa, bosi wa TP Mazembe. Ubingwa wa Afrika 2009, 2010 na 2015, na hiyo 2010 wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya Klabu Bingwa ya Dunia, Inter Milan wakawapiga 3-0 lakini historia ikaandikwa. Kinachonivutia zaidi ni kwamba alijenga uwanja wa timu yenyewe pale Kamalondo, na mishahara ilikuwa inaeleweka kiasi kwamba Mbwana Samatta alitoka Simba 2011 akatulia kule mpaka akawa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, ndo akaenda Genk ya Ubelgiji. Halafu 2016 siasa zikamtoa Katumbi nje ya nchi mpaka 2019, watu wakajua Mazembe kwisha habari, wapi, wakabeba Kombe la Shirikisho la Afrika 2016 na 2017 bosi akiwa mbali!

Sasa linganisha na Yanga ya Yusuf Manji, Mungu amrehemu, alifariki 2024. Ligi tatu mfululizo, 2015, 2016, 2017, raha tupu. Alivyojiuzulu 2017 kila mtu aliona, timu kubwa yenye mamilioni ya mashabiki ikatembeza bakuli mpaka kampuni ya GSM walipoingia. Simlaumu marehemu, alitoa hela yake. Ila fedha ilikuwa inatoka mfukoni kwa mtu, haikuwa mfumo wa klabu. Azam wa Bakhresa wao wana Chamazi, uwanja na akademi, hata mwaka wasipopata kombe kile kitu kipo.

Ulaya nako usidhani ni tofauti sana. Tajiri wa Kirusi Abramovich alinunua Chelsea 2003, akamwaga mikopo, wakachukua ubingwa wa Ulaya mara mbili, ila 2022 vikwazo vya Uingereza vilipomkuta klabu kwa muda ikawa hairuhusiwi hata kuuza tiketi mpya, mwisho ikauzwa. Na wale wa familia ya Glazer, Wamarekani wa Manchester United, 2005 walinunua timu kwa mikopo halafu sehemu kubwa ya deni ikabebeshwa timu yenyewe, yaani unanunuliwa halafu unajilipia.

Tukirudi nyumbani, Tabora mmeyaona kwa macho. Timu ilikuja inaitwa Kitayosce, ikaanza ligi kuu 2023 ikiwa na wachezaji 8 uwanjani dhidi ya Azam kwa matatizo ya usajili, ikawa Tabora United, 2025 ikachukuliwa na TRA, mamlaka ya mapato, ikawa TRA United. Shabiki ni yuleyule, jezi tu ndo zinabadilika. Kigoma Mashujaa ni ya jeshi, afadhali taasisi haiumwi wala haisusi, ila ukweli ni kwamba shabiki wa Mwanga ya Kigoma hana kura pale. (Watani zangu Wanyamwezi msicheke, na nyie TRA hamna kura.)

Kwenye timu za wanachama kura ipo, watu hawaitumii tu. Simba walipofungua mlango wa hisa 2017 MO Dewji aliahidi bilioni 20, serikali ikaweka kanuni kwamba mwekezaji asizidi asilimia 49, hizo 51 zibaki kwa wanachama. Lakini asilimia 51 ya mtu asiyehudhuria mkutano mkuu inamlinda nani? Kwahiyo tajiri akija kwenye timu yenu ya wilaya, kabla ya kumbeba juujuu muulizeni hela yake ni zawadi, ni mkopo au ni hisa, na iandikwe. Uwanja wa mazoezi hati inaandikwa jina gani? Jina la timu nani ana haki ya kulibadilisha? Majibu mengine yako kwenye katiba ya klabu ambayo lazima iwe imesajiliwa kwa Msajili chini ya BMT (Baraza la Michezo la Taifa), mwombeni katibu wenu nakala, akianza kuzungushazungusha basi mkutano ujao muanzie hapo.