Maji Yakipanda, Nao Hupanda: Usipake Dawa Shina la Mti

Kila Mto Tana unapofura, simu ya dawati letu la kutambua viumbe wadogo hailali. Anayepiga huwa ana miembe michache karibu na mto, na malalamiko ni yaleyale: kupe wamejaa kwenye shina, wanapanda kwa mamia, ng'ombe wataisha. Tukiomba picha tunaona nge-bandia (kiumbe mdogo anayefanana na nge ila hana mkia), utitiri wa majani makavu, buibui wachanga, pengine opiliona mwenye miguu kama uzi. Kupe hayumo. Kwa kuwa malalamiko yameongezeka, na kwa kuwa sasa wapo wanaopaka mashina dawa ya josho, tumeona vyema kutoa maelezo haya kwa umma.

Wakazi wa bonde la Tana hawahitaji kufundishwa kwamba msitu wa kando ya mto unaishi kwa mafuriko. Mikuyu na mikindu ya hifadhi ya nyani iliyotengwa mwaka 1976 hunywa maji yaleyale yanayowahamisha watu. Wasichokifikiria wengi ni hali ya majani yaliyooza chini ya miti hiyo. Konzi moja ya majani hayo ni mtaa mzima wa araknidi, yaani jamii ya buibui, nge na utitiri, wengi wao wadogo kuliko punje ya mchele. Maji yakiingia, mtaa unazama.

Wanakokwenda kumechunguzwa kwa kina mbali na hapa, nchini Brazil, katika msitu wa Tarumã Mirim karibu na Manaus. Huko maji meusi ya Rio Negro hukaa msituni kwa takriban nusu mwaka, na kina cha mto kati ya kiangazi na mafuriko hupishana kwa karibu mita 10. Kuanzia miaka ya 1970 Mjerumani Joachim Adis na wenzake wa INPA, taasisi ya utafiti wa Amazon, walifunga mitego kwenye mashina: kitambaa cheusi kimezungushwa mti kama kanga kiunoni, na juu yake chupa inayopitisha mwanga. Mdudu anayepanda gizani huufuata mwanga na kuishia chupani. (Araknidi si mdudu, najua, lakini tuendelee.) Mitego ile ilionyesha kwamba wengi hawangoji kuloa miguu. Huanza safari kabla maji hayajafika, mvua na unyevu vinapobadilisha hali ya chini ya msitu. Nge-bandia mmoja, Tyrannochthonius migrans, amepewa jina linalotokana na neno la Kilatini la kuhama. Mwenzake, Brazilatemnus browni, hupanda mashina msimu wa maji na kurudi chini ardhi inapofunuliwa.

Wapo wasiopanda. Utitiri wa jenasi ya Rostrozetes hubaki palepale chini ya maji, kila mmoja na utando mwembamba wa hewa ulionaswa mwilini, akipumulia humo kwa miezi. Nikilisimulia hili barazani, hakosi mzee wa kucheka akidhani namtania.

Aliyewaeleza kisayansi wengi wa nge-bandia hao wa Amazon ni Volker Mahnert wa makumbusho ya Geneva, na ndiye huyohuyo aliyeandika mfululizo wa makala kuhusu nge-bandia wa Kenya katika miaka ya 1980. Kwa hiyo wale wanaotuambia kwamba viumbe hawa wameletwa na mradi fulani wa juzi, tafadhali sana.

Ni kweli Tana si Amazon. Mafuriko yetu hufuata masika na vuli, na tangu mabwawa yaanze kujengwa juu ya mto, kutoka Kindaruma mwaka 1968 hadi Kiambere mwaka 1988, mwendo wake wa zamani umevurugika. Bwawa la Masinga likifurika, maji yanaweza kuwafikia watu wa chini kwa muda wa siku chache tu. Kiumbe wa milimita tatu hapewi onyo redioni. Shina lililo karibu ndilo kimbilio lake, liwe la mkuyu wa msituni au la mwembe wako.

Inua kipande cha gome lililolegea umtazame. Nge-bandia ana magando mawili ya mbele kama ya nge, tumbo la mviringo lenye pingili, na hana mkia. Mguse kwa ncha ya jani: atarudi kinyumenyume haraka, magando yamekunjwa. Sumu yake kidogo imo kwenye vidole vya magando, nayo ni ya kuulia windo dogo kama utitiri, mtu haimdhuru. Chini ya gome utaona pia vibanda vidogo vya hariri nyeupe, humo hujifungia anapojivua ngozi. Wafugaji wa nyuki huenda wanamfahamu bila kumjua, kwa maana jenasi ya Ellingsenius huishi ndani ya mizinga barani Afrika na hupanda juu ya nyuki kama abiria. Kupe hana magando, na humngoja mnyama kwenye ncha ya nyasi. Tumelieleza hili mara nyingi mno.

Dawa ya josho imetengenezwa kwa ajili ya ng'ombe. Aina nyingi zina cypermethrin, ambayo ni sumu kali kwa samaki. Ukiipaka shina lililosimama majini, unaitia katika maji yaleyale uliyotega kambare. Kuchoma gome nako kunaua mti. Hata hivyo, nge wa kweli na nyoka nao hukimbia maji na kuingia nyumbani, basi kung'uta viatu na matandiko, na anayeumwa afikishwe kituo cha afya bila kungoja.

Sasa kuhusu wanaokusanya viumbe hawa. Mei 2025 mahakama ya uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi, iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja, au kifungo cha miezi 12, kwa kupatikana na sisimizi malkia kinyume cha sheria. Wawili kati yao, vijana kutoka Ubelgiji, walikuwa na karibu 5,000. Udogo wa kiumbe haukuwa utetezi. Mtafiti kutoka nje anahitaji kwanza taasisi ya Kenya itakayoshirikiana naye, kisha leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kisha idhini ya wenyeji na makubaliano ya kugawana manufaa, kisha kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira, cha kufikia rasilimali za kijenetiki. Akiingia hifadhini, ruhusa ya KWS, shirika la wanyamapori. Akisafirisha sampuli, kibali kingine. Mpangilio huo ndio huo, na barua ya chifu peke yake haitoshi. Mwenyeji anayelipwa kujaza chupa naye anaweza kushtakiwa, hata kama mgeni ndiye aliyebeba mzigo.

Kupiga picha hakuhitaji kibali. Weka njiti ya kiberiti kando yake ili tuone ukubwa, piga kutoka juu na kutoka ubavuni, tuandikie aina ya mti na umbali wa kiumbe kutoka usawa wa maji. Picha ya shina zima iliyopigwa ukiwa ndani ya mtumbwi, kwa kweli, haitusaidii.