Mlalamikaji hafuti kesi ya jinai

Kariakoo, aliyerudishiwa simu yake iliyoibwa huenda kituoni kusema: “Nimemsamehe, futeni kesi.” Hana mamlaka hayo. Jinai ni kosa dhidi ya jamii nzima, ndiyo maana pale Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, mashtaka huletwa kwa jina la Jamhuri. Aliyeibiwa ni shahidi. Ibara ya 59B ya Katiba inampa Mkurugenzi wa Mashtaka uwezo wa kufungua, kuendesha na kusimamia mashtaka. Mahakama inaweza kuhimiza suluhu kwa makosa madogo, kama shambulio la kawaida. Kwa ubakaji, hapana kabisa! Na wito wa ushahidi usiupuuze kwa kuwa “tumeshayamaliza nyumbani”: hakimu anaweza kuamuru ukamatwe. Msamaha wako ueleze mahakamani. Msamaha huo unaweza kupunguza adhabu. Mshtakiwa akitiwa hatiani, fidia iombwe hapo hapo.