Késhjéé': mchezo wa viatu wa Wanavajo, na mgeni anayetaka kufika

Ukimuuliza Mnavajo mwezi wa Julai jinsi késhjéé' inavyochezwa, huenda akageuza mazungumzo, au akakwambia tu usubiri baridi. Usidhani amekuficha siri. Wengi wetu tulikatazwa utotoni kutega vitendawili na kusimulia hadithi mchana, tukatishwa kwamba tutaota mkia. Hapo pia ni vivyo hivyo: wakati wake haujafika, basi.

Késhjéé' ni mchezo wa kubahatisha wa Wanavajo, watu wa kusini-magharibi mwa Marekani ambao wenyewe hujiita Diné. Ndani ya jina hilo mna ké, yaani viatu, kwa hiyo ukisema "mchezo wa viatu" hujakosea. Lakini mtu akikwambia Jumamosi kuna késhjéé' mahali fulani, anakuambia habari ya mkesha mzima: watu waliotoka vijijini mbalimbali, nyimbo, sufuria za mchuzi wa kondoo, watoto waliolemewa na usingizi wakalala juu ya makoti ya mama zao. Mchezo umo humo ndani, kama ngoma ilivyo ndani ya harusi.

Unachezwa hivi. Watu hugawanyika pande mbili, kaskazini na kusini. Kila upande una viatu vinne vilivyofukiwa mchangani, midomo tu ndiyo inaonekana. Kuna kijimpira kidogo, siku hizi mara nyingi huchongwa kutoka mzizi wa mmea uitwao yuka. Blanketi linainuliwa ili upande wa pili usione, na nyuma yake mkono mmoja unazama kiatu hiki, kile, na kile kingine, hata pale ambapo hauachi kitu. Nyimbo zinapanda. Blanketi linashuka, na mbele yako kuna viatu vinne visivyo na tofauti yoyote. Anakuja mteguaji wa upande wa pili na kijiti mkononi. Viatu haviangalii sana, anasoma nyuso: nani ameacha kuimba, nani anajizuia kucheka. Halafu anagonga kimoja. Akipatia, upande wake unapata zamu ya kuficha. Akikosa, wanalipa.

Malipo ni vijiti 102 vya jani la yuka, vinavyohesabiwa kama pointi. Yuka ni jamaa wa mkonge, na mtu wa Tanga akiyaona yale majani marefu yenye ncha ya sindano hatahitaji maelezo zaidi. Mshindi ni upande utakaovikusanya vyote, jambo ambalo laweza kuchukua usiku kucha.

Asili yake husimuliwa hivi, nami naifupisha makusudi, maana hadithi yenyewe nayo ni ya msimu wa baridi. Zamani wanyama wa mchana na wanyama wa usiku walibishana: hawa walitaka jua lisitue kamwe, wale walitaka giza la kudumu. Wakakubaliana mchezo uamue. Katika masimulizi yaliyoandikwa mwaka 1889 na Washington Matthews, daktari wa jeshi la Marekani aliyeishi karibu na Wanavajo, koyote, yule mnyama wa jamii ya mbweha, alikataa kuchagua upande. Alikaa katikati, akamfuata kila aliyekuwa anashinda. Hata mitaani kwetu tunamjua. Bundi wa upande wa usiku alikificha kijimpira kwenye kucha zake badala ya kukiacha kiatuni, na fuko akachimba chini kwa chini mpaka akagundua wizi. Vijiti vikaenda na kurudi, hakuna aliyevimaliza. Alfajiri ikawakuta bado wanacheza, wakatawanyika mbio. Dubu, kwa haraka zake, akavaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto, ndiyo maana anatembea vile. Jua likamchomozea akiwa njiani, manyoya yake yakawa mekundu. Na kwa kuwa hakuna aliyeshinda, mchana na usiku vinapokezana mpaka leo.

Kutokana na hadithi hiyo utaelewa kwa nini mchezo una mipaka miwili. Wa kwanza ni usiku: huanza jua likishazama, na haufai kuendelea jua likichomoza. Matthews aliandika kwamba mchezaji atakayemulikwa na jua aliaminiwa kuwa angepofuka, na waliokutwa na alfajiri ndani ya nyumba waliziba mlango kwa blanketi ili wamalizie. Mpaka wa pili ni msimu. Hufunguka baada ya jalidi ya kwanza, wakati nyoka na dubu wamekwisha kulala usingizi wa baridi, na hufungwa na ngurumo ya kwanza ya radi inayowaamsha. Hapo ndipo mipango ya wageni wengi inapoharibika. Mtu anapata likizo ya Agosti, anakata tiketi, halafu ndipo anauliza. Agosti hakuna késhjéé', na hakuna pesa itakayoileta.

Basi tafuta kati ya Novemba na Februari. Usitegemee tarehe moja isiyobadilika kila mwaka, kwa sababu kila mwenyeji hupanga yake: shule inayotaka watoto wajifunze nyimbo kwa Kinavajo, chuo, au chapta. Chapta ni ngazi ya chini ya serikali yao, kitu cha kukaribiana na kata kwetu. Ziko 110, na kwa kawaida huwa na jumba la mikutano ambalo tangazo hubandikwa mlangoni. Matangazo mengine hupita kwenye gazeti la Navajo Times na redio ya KTNN, 660 AM, inayotangaza kwa Kinavajo kutoka Window Rock, mji mkuu wao. Mkesha ulioandaliwa na shule au chapta na kutangazwa kwa wote, nenda. Wa familia nyumbani kwao, nenda ukialikwa. Na usiuchanganye na ibada za uponyaji za majira hayohayo ya baridi, kama ile ya usiku tisa iitwayo Yeibichai. Zile zina mgonjwa anayeombewa na familia iliyogharamia. Watu huweza kufika, lakini hazikuandaliwa kwa ajili ya macho ya mgeni.

Ardhi yenyewe si ya kuchukulia kirahisi. Nchi ya Wanavajo imeenea Arizona, New Mexico na Utah, zaidi ya kilomita za mraba 70,000, yaani kubwa kuliko Rwanda na Burundi zikiunganishwa. Kwa Mswahili anayeishi Phoenix, na wapo wengi, hasa Wakongo na Warundi, kufika Chinle ni zaidi ya saa 5 za kuendesha gari, na ukiacha lami njia inakuwa vumbi lenye matuta madogomadogo yanayotikisa meno. Theluji ikiyeyuka inakuwa tope. Jaza mafuta mjini, maana vituo viko mbalimbali, na mwombe mwenyeji maelezo ya njia kwa maneno, ya mnara wa maji na zizi la kondoo, kwa sababu nyumba nyingi hazina anwani ya mtaa na simu hukatika njiani. Chinle iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, sehemu nyingine ni juu zaidi, na usiku wa Januari barafu ni kitu cha kawaida. Jaketi la Nairobi halitoshi. Vyumba vya kulala ni vichache, na kupiga hema popote upendapo hairuhusiwi. Kuna nafuu moja tu: kiangazi saa huwachanganya watu, kwa kuwa Wanavajo husogeza saa mbele na sehemu nyingine za Arizona hazisogezi. Msimu wa késhjéé' saa ni ileile kote huko.

Usiende mikono mitupu. Gunia la unga wa ngano, kahawa, sukari, viazi, au kuni kama una gari la mizigo, vitapokewa kwa furaha kuliko zawadi ya dukani iliyofungwa kwa karatasi ya kumetameta. Pombe iache kabisa, hata ndani ya buti, kwani kuuza na kumiliki pombe ni marufuku katika ardhi yao. Chakula utakacholetewa kula. Ule mkate wao wa kukaangwa ni ndugu wa andazi bila sukari, na ulizaliwa katika shida: unga wa mgao waliopewa walipofukuzwa makwao mwaka 1864 na kuzuiwa kwenye ngome ya Fort Sumner, mpaka mkataba wa 1868 uliowaruhusu kurudi.

Salamu ni yá'át'ééh, na mkono hushikwa kwa ulaini, bila kubana wala kutikisa. Kisha utasikia watu wakijitambulisha kwa koo nne: ukoo wa mama kwanza, ambao ndio ukoo wako, halafu wa baba, wa babu mzaa mama, na wa babu mzaa baba. Wakigundua wanachangia ukoo wanaanza kuitana dada, mjomba, bibi, hata kama wamekutana dakika ile. Mtandao huo wa undugu unaitwa k'é. Wewe huna koo zao, lakini sema unakotoka na watu wa mama yako ni nani. "Mimi ni Mzaramo kwa mama, baba yangu Mdigo" ni utambulisho unaoeleweka pale kuliko jina la kampuni unayofanyia kazi. Kama mkesha uko ndani ya hooghan, nyumba yao ya asili, mlango unatazama mashariki. Ukiingia zunguka kwa kushoto kwako kufuata mwendo wa jua, usikatize katikati. Kamera ikae mfukoni mpaka uulize, na kurekodi nyimbo ni swali jingine la peke yake.

Utaambiwa ukae upande mmoja, kaskazini au kusini. Ukishakaa ni wako. Imba hata kama hujui maneno, usihame eti upande wa pili unashinda, maana utaitwa koyote na watu wazima watacheka mpaka machozi. Karibu na alfajiri vijiti vilivyosalia huhesabiwa, mchanga hukung'utwa, na kila mwenye viatu hutafuta jozi yake. Vaa vyako polepole, ukiangalia ni mguu upi.